Wodi Ambayo Kila Habari Ilikuwa Nzuri

Nchi ya Shibani haina uhusiano wowote na nchi unayoishi wewe msomaji. Ukiona zinafanana, tatizo liko kwenye macho yako, nenda kayapime. Ila usiende kuyapimia Shibani, maana kule mtu huenda kupima macho akalazwa kwa ajili ya tumbo. Ndivyo yalivyomkuta Mzee Mwinjuma, mshona magodoro, mume wa Bi Sikudhani.

Lakini tuanze na chakula, kwa sababu balaa lote lilianzia huko.

Shibani ilijaliwa kuwa na Wizara ya Ulaji Sahihi na Matumbo ya Umma. Chini ya wizara hiyo kulikuwa na Taasisi ya Utafiti wa Lishe, jengo la vioo vitupu, na kazi ya Taasisi ilikuwa kugundua. Iligundua asubuhi, ikagundua mchana, hata sikukuu haikupumzika. Jumatatu redio ya taifa ilitangaza kwamba mayai yanaziba mishipa ya moyo, watu wakayatupa mitaroni. Alhamisi ikatangaza kwamba mayai yanazibua mishipa ya moyo, watu wakarudi mitaroni. Mchicha ulipigwa marufuku kwa kuwa na madini mengi, kisha ukaruhusiwa kwa kuwa na madini machache, kisha ukapigwa marufuku tena kwa sababu aliyeuruhusu alihamishwa wizara. Nazi nayo, kwa mujibu wa utafiti, ilikuwa imeshawaua watu wote wa pwani, na watu wa pwani walishangaa sana waliposoma taarifa hiyo.

Bi Sikudhani alikuwa akiuza kunde za nazi katika soko la Kichangani. Alikuwa mwanamke mnene wa sauti, mwembamba wa subira, na mdomo wake haukuwa na kufuli. Siku zamu ya kunde ilipofika, mkaguzi alikuja na kipaza sauti na askari.

"Mama, funika hicho chungu. Imegundulika kwamba kunde hujaza hewa tumboni, na hewa hiyo ikitoka mkutanoni inavunja nidhamu."

"Mkutano gani?"

"Wowote ambao kiongozi anahutubia."

"Basi mwambieni kiongozi afupishe hotuba," akasema Bi Sikudhani. "Hewa yenyewe haisubiri kwa saa tano."

Soko zima likaangua kicheko, hata askari akageuka pembeni akajifanya anakohoa. Chungu kilichukuliwa kama ushahidi. Jioni askari alikirudisha kitupu, kimesuguliwa vizuri, akauliza kama kesho atapika tena.

*

Vyakula vyote vilipokwisha kupigwa marufuku angalau mara moja, Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Kitumbuizo, aliona mbali. Alisema tatizo la Shibani halijawahi kuwa uhaba wa chakula. Tatizo ni wingi wa vyakula, unaowachanganya wananchi. Suluhisho ni chakula kimoja. Ndipo ukazaliwa Unga wa Tosha.

Tosha ulikuwa wa kijivu. Kijiko kimoja asubuhi, kijiko kimoja jioni, unakoroga na maji ya uvuguvugu, unakunywa, unashukuru. Umetengenezwa na nini? Hiyo ilikuwa siri ya ulinzi na usalama. Waliokaa jirani na kiwanda walisema waliona malori ya magunzi ya mahindi yakiingia yamejaa na kutoka matupu, lakini hao si wanasayansi. Kiwanda kilikuwa cha shemeji yake Waziri, kwa bahati tu. Shibani ni nchi yenye bahati nyingi za namna hiyo.

Sasa, msije mkadhani kwamba serikali ya Shibani ilikurupuka. La hasha! Ilitaka utafiti kwanza. Wakatafutwa washiriki wa kula Tosha peke yake, bila kuchanganya na kitu. Na kwa kuwa utafiti hauwi utafiti bila kundi la kulinganisha, yaani watu wasiokula kile kinachopimwa, Baraza la Mawaziri lilijitolea kuwa kundi hilo. Tangu siku hiyo mawaziri wote walikula mbuzi wa kuchoma kwa maslahi ya sayansi.

Mzee Mwinjuma aliingiaje humo? Kwa adabu yake. Uzi ulikuwa umeanza kumkataa kuingia kwenye sindano, akaenda kliniki ya serikali kupima macho. Pale mezani kijana nadhifu akamwambia, "Karibu ushiriki nasi, mzee." Na huko Shibani, mtu akikwambia karibu ushiriki nasi, ni chakula, na kukataa ni kumtukana. Mzee Mwinjuma alikuwa ameshiba kunde tangu asubuhi, lakini angeanzaje kukataa? Akajibu, "Nashukuru sana, mwanangu." Wakamwandika amekubali kwa hiari, wakamvalisha gauni la kijani, wakamlaza.

Macho hayajapimwa mpaka leo.

*

Bi Sikudhani aliruhusiwa kumwona Jumapili tu. Jumapili ya kwanza alikwenda na kunde kwenye hotpoti. Walinzi wa getini wakaichukua, wakisema chakula cha nje kinachafua takwimu. Waliiteketeza wenyewe nyuma ya kibanda, na sauti ya vijiko ilisikika mpaka barabarani.

Jumapili iliyofuata alimkuta mumewe amelegea. Jumapili ya baadaye alipita kitanda chake bila kumtambua. Mzee Mwinjuma alikuwa mtu wa mwili, mtu ambaye akikalia godoro alilolishona mwenyewe, mteja anaamini ni imara. Sasa kola ya gauni ilimzunguka shingo bila kuigusa, na macho yalikuwa yameingia ndani kama ya mtu anayechungulia kisimani.

"Baba Mbaraka! Ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi, mama. Habari za nyumbani?"

"Achana na za nyumbani! Wewe wamekufanya nini?"

"Sijambo kabisa," akasema, na kwa kusema hivyo tu pumzi zikamwishia.

Wakati huo alipita Hamduni, mkusanya takwimu wa Taasisi, kijana mrefu wa koti jeupe, akienda kitanda hadi kitanda mbio mbio na kifaa chake cha kubofya. Huo ndio uliokuwa utafiti wenyewe. Hapakuwa na kupima damu wala mkojo. Mizani ilikuwepo, lakini Taasisi iliacha kuitumia ilipoonyesha kwamba washiriki wanapungua, ikasema mizani haina uzalendo. Kupungua kwenyewe kukapewa jina la kitaalamu, kukaitwa wepesi. Kilichobaki ni Hamduni kuuliza.

"Habari za leo, mzee?"

"Nzuri, mwanangu, tunamshukuru Mungu. Ila..."

Hamduni alikuwa ameshabofya "nzuri" na kufika kitanda cha pili, kwa Mzee Ngwali ambaye shingo yake haikuweza tena kubeba kichwa.

"Habari za leo, mzee?"

"Salama. Ila..."

Akabofya "salama," akaenda. Kitanda cha tatu alilala bwana mmoja aliyekuwa hawezi hata kusema. Alipoulizwa akainua kidole gumba juu, maana kumnyamazia anayekujulia hali ni ufidhuli. Huyo akabofyewa "nzuri sana."

Bi Sikudhani akabaki mdomo wazi. Palepale aliona ugonjwa ulipo. Mshibani akiulizwa habari, hata kama nyumba inaungua nyuma yake, huanza na nzuri. Huo ndio utu, ndivyo tulivyolelewa. Nzuri kwanza, mgeni akae, anywe maji, kisha ndipo inakuja ile "ila," na baada ya "ila" ndiko kuliko na mambo yenyewe: mguu, deni, msiba. Jirani yako husubiri "ila" yako. Serikali ilikuwa inaondoka kabla yake.

*

Alipanda ngazi moja kwa moja mpaka ofisini kwa Dakta Makadirio, mkuu wa utafiti, bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

"Mume wangu anakufa kwa njaa."

Dakta Makadirio alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza watoto. Alimwonyesha kiti. "Mama yangu, tusitumie lugha nzito. Neno njaa si la kisayansi. Sisi tunasema shibe iliyochelewa."

"Imechelewa wapi? Imekwama njiani?"

"Mama, wewe unaona kwa macho tu. Sisi tunaona kwa takwimu. Takwimu zinasema wodi nzima ina hali nzuri, asilimia mia. Hata Ulaya hawajawahi kufika hapo."

"Njoo umwone mwenyewe! Njoo uone mbavu zake!"

Kwa kweli alishuka. Tumpe haki yake. Alisimama miguuni pa kitanda, akaweka mikono nyuma. "Mzee Mwinjuma, habari?"

Mzee akajikaza, akajaribu kuinuka kidogo kwa heshima ya daktari. "Nzuri, daktari. Sijui wewe."

"Mimi mzima. Umesikia, mama?"

Bi Sikudhani alisikia. Alitamani kumpiga mtu kofi, na hakujua amwanzie yupi, daktari au mumewe.

Alitoka akaenda kusimama karibu na bomba la kufulia, akalia kwa hasira, kilio kikavu cha kukaza meno. Nesi Tabu, mama wa makamo aliyekuwa akiosha mabeseni, alifungua bomba maji yatoe kelele, kisha akasema bila kumtazama, "Mama, nisikilize. Humu anayejibu nzuri hatoki, maana utafiti bado unamhitaji. Anayefariki huandikwa amejitoa kwa hiari. Anayeruhusiwa kwenda nyumbani ni mmoja tu."

"Nani?"

"Anayejibu mbaya. Kanuni inasema huyo anaharibu takwimu, aondolewe siku hiyo hiyo."

"Wameshaondolewa wangapi?"

Nesi Tabu akacheka kwa uchungu. "Tangu nizaliwe katika nchi hii sijasikia mtu akiulizwa habari akajibu mbaya. Nawe fanya haraka. Waziri akishatembelea wodi, inaanza awamu ya pili. Kijiko kinakuwa nusu."

*

Ungedhani kazi imekwisha. Neno moja tu! Lakini hukumjua Mzee Mwinjuma.

"Mume wangu, kesho yule kijana akikuuliza, mjibu mbaya."

"Nani, Hamduni? Mtoto wa watu kanikosea nini?"

"Hajakukosea. Sema mbaya utoke."

"Mama Mbaraka, nimtazame kijana usoni, kaja kunijulia hali, nimpige na mbaya? Ataniona mtu wa namna gani?"

"Atakuona mtu aliye hai!"

Akatikisa kichwa. Bi Sikudhani akakumbuka siku waliyomzika Mbaraka wao, mtoto wao wa pekee. Watu waliingia uani na kanga za kichwani na vilio, wakamuuliza baba mtu habari, na yeye akamjibu kila mmoja nzuri, nzuri, karibuni. Aliendelea hivyo mpaka wa mwisho alipokaa, ndipo akasema, "Ila mtoto katutoka," akaanguka kifudifudi. Siku ile Bi Sikudhani alimpenda kwa hilo kuliko siku zote. Leo hilo hilo lilikuwa linamwua mbele ya macho yake.

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akashusha sauti, kitu kilichowashtua hata wagonjwa wa jirani.

"Baba Mbaraka, wewe ni mtu wa adabu, sibishi. Sasa niambie. Mtu akikuuliza njia ya kwenda mjini, ukamwelekeza shimoni kwa tabasamu, hiyo ni adabu?"

"Si adabu."

"Watu hawa wanauliza njia. Nchi nzima iko nyuma yao. Wewe na wenzako mnawajibu nzuri, nzuri, na kesho kila mtoto wa Shibani atakula magunzi kwa sababu ya jibu lako. Masoko yanafungwa. Na mimi nitarudi kwenye ile nyumba peke yangu, nikae nitazame magodoro. Nimekuzikia mtoto bila kulalamika. Wewe sikuziki kwa sababu ya salamu, nakuapia!"

Mzee Mwinjuma aliangalia dari. Mlinzi akagonga kengele, wageni wakatolewa.

*

Siku ya ziara ya Waziri, Wizara ilihitaji kinamama wa kupiga vigelegele. Hicho kilikuwa kipengele muhimu sana cha utafiti. Bi Sikudhani alijiandikisha wa kwanza. Afisa mapokezi alipomjaribu sauti, kioo cha dirisha kilitetemeka, akapewa nafasi ya mbele kabisa, kanga yenye sura ya Waziri, na kapu la maua. Sura ya Waziri aliifunga upande wa kukalia. Chini ya maua aliweka hotpoti, na safari hii getini hapakupekuliwa mtu, maana nani atapekua maua ya Waziri?

Redio ya taifa ilirusha moja kwa moja. Sokoni Kichangani, kwa vinyozi, kwenye vyombo vya usafiri, kila mahali sauti ilifunguliwa, kwa kuwa ilikuwa amri.

Mheshimiwa Profesa Kitumbuizo alikuwa mtu wa shavu na kidevu, anang'aa. Alisimama katikati ya wodi, kati ya safu mbili za mifupa iliyovalishwa magauni ya kijani, akapanua mikono.

"Ndugu zangu wenye matumbo! Leo Shibani inaandika historia. Tulimfukuza mkoloni, leo tunaifukuza njaa. Na njaa ni nini? Njaa ni fikra! Ni uvivu wa tumbo kukubali mabadiliko! Wako wanaosema, mbona Waziri hali Tosha? Ndugu zangu, natamani. Usiku naota Tosha. Lakini mimi niko kundi la kulinganisha. Nikionja hata kidogo, sayansi inaharibika. Mbuzi ninayemla, namla kwa machozi."

Kinamama wakapiga vigelegele. Bi Sikudhani hakupiga. Alikuwa akisogeza kapu taratibu kwa mguu, kuelekea kitanda cha kwanza.

Kitanda cha kwanza alikuwa amewekwa Mzee Mwinjuma. Dakta Makadirio alimchagua mwenyewe, kwamba katika wodi nzima hakuna mwenye majibu mazuri kama yeye. Waziri akamsogelea, mtangazaji akaweka kipaza sauti karibu na midomo iliyokauka, Hamduni akasimama tayari na kifaa chake.

Bi Sikudhani akainama kama anayepanga maua, akafungua mfuniko.

Harufu ya kunde za nazi, zilizoungwa kwa kitunguu na kuachwa zitokote kwenye moto mdogo asubuhi nzima, ilipanda ikaijaza wodi. Watu ambao hawakuwa wameinua vichwa kwa wiki waliinua vichwa. Waziri mwenyewe akameza mate, kipaza sauti kikalipeleka funda hilo taifa zima.

"Mzee wangu," akasema Waziri, "waambie Washibani. Habari za afya?"

Mzee Mwinjuma alimtazama Waziri. Kisha akamtazama mkewe. Bi Sikudhani hakusema neno, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao. Midomo ya mzee ikaanza kufunguka kutamka ile herufi ya kwanza iliyozoeleka, na Hamduni kidole chake kikashuka kubofya.

"Mbaya," akasema Mzee Mwinjuma.

Kidole cha Hamduni kikabaki hewani. Kifaa hakikuwa na kitufe cha neno hilo.

Waziri akacheka kwa nguvu. "Mzee anapenda utani! Nimesema, habari za afya?"

"Mbaya, mheshimiwa. Nina njaa. Uniwie radhi kukujibu hivi na umetoka mbali, lakini umeniuliza, na mgeni hadanganywi. Habari ni mbaya sana. Nilikuja kupima macho."

Halafu kutoka kitanda cha pili, bila kuulizwa, Mzee Ngwali akasema, "Na mimi mbaya."

"Mbaya," akasema wa upande wa pili.

"Mbaya! Mbaya kupita kiasi!"

Ikaenda kitanda hadi kitanda kwa sauti nyembamba za watu wasio na pumzi, na kila aliyelisema alionekana kama aliyetuliwa mzigo kichwani. Wengine walilisema mara mbili, kwa kuonja. Yule bwana asiyeweza kusema alitoa mkono chini ya shuka, akainua kidole gumba kama ilivyokuwa desturi yake, kisha pole pole akakigeuza chini.

Mtangazaji akapapatika, "Wasikilizaji, tunapisha muziki..." lakini fundi mitambo alikuwa ameganda anasikiliza, na taifa zima lilisikia.

"Nani kawafundisha?" Waziri akapiga kelele, jasho likimtiririka. "Nani kawafundisha hawa wazee ukosefu wa adabu?"

"Si umewauliza mwenyewe?" Bi Sikudhani akasimama wima mbele yake, mwiko mkononi. "Usiyetaka jibu, usiulize! Na sogea hapo, nimlishe mume wangu!"

Ajabu ni kwamba alisogea.

*

Kanuni ni kanuni. Dakta Makadirio, kwa kuokoa takwimu, aliamuru walioharibu utafiti waondolewe mara moja, na walioharibu walikuwa wote. Wakatolewa kwa machela, kwa mikokoteni, wengine migongoni mwa wake zao. Chini ya bango la Taasisi lililoandikwa FIKIRI KABLA YA KULA, Bi Sikudhani alikaa chini akampakata mumewe kichwa, akampa mchuzi wa kunde kijiko kimoja, akasubiri, kijiko kingine. "Kidogo kidogo, mama," Nesi Tabu akamwonya, "tumbo limesahau." Mzee alikuwa analia na kumeza kwa pamoja. Wale walinzi wa getini walitazama pembeni kwa aibu. Walijua ladha ile.

Jioni Wizara ikatoa taarifa kwamba utafiti umefanikiwa kupita matarajio: wodi haina mgonjwa hata mmoja.

Lakini mji ulikuwa umeshaonja neno. Asubuhi iliyofuata muuza maandazi aliulizwa habari, akasema mbaya, unga umepanda. Mwalimu akawauliza wanafunzi wake, wakamjibu kwa pamoja kama wimbo. Chungu cha kunde kilirudi Kichangani, mayai yakarudi, mchicha ukarudi, na askari walipokuja kukataza na kusema habari zenu, walipewa habari zenyewe, ndefu, mpaka wakachoka kusimama. Hapo serikali ikashtuka. Amri ikatoka: jibu sahihi la salamu katika Jamhuri ya Shibani ni nzuri, na atakayejibu vinginevyo atarudishwa wodini kwa uangalizi. Wakusanya takwimu wakatumwa nyumba kwa nyumba, wakifuatana na karandinga la polisi.

Nyumba ya Bi Sikudhani iliangukia kwa Hamduni.

Alimkuta Mzee Mwinjuma barazani akishona godoro. Bado alikuwa mwembamba, na mkewe alikuwa akimtungia uzi kwenye sindano, lakini mishono yake ilikuwa imenyooka. Karandinga lilisimama mtaani, injini ikiunguruma. Majirani walitoka milangoni.

"Hodi, mzee," akasema Hamduni. Koti lake jeupe lilikuwa limemzidi mwili. "Habari za hapa?"

Mzee Mwinjuma aliweka sindano chini. Alisimama, akajifuta mikono, akampa mkono kwa adabu zake zote.

"Karibu, mwanangu. Habari za hapa ni mbaya."

"Mzee wangu," Hamduni akanong'ona, akitupa jicho kwenye karandinga, "nakuomba. Sema tu nzuri nipite."

"Ulipita mara nyingi sana. Leo nimekujibu mbaya, na kesho ukija nitakujibu mbaya, mpaka siku iwe nzuri kweli. Wakitaka kunirudisha, kanzu yangu ile pale, nachukua tu."

"Na hapa mbaya!" jirani akapaza sauti.

"Na kwetu!"

"Na huku nyuma, njooni muandike!"

Likaenda mtaa mzima, mlango hadi mlango, watu wazima na watoto, mpaka dereva wa karandinga akazima injini ili asikie vizuri.

Bi Sikudhani alikuwa ameshaleta kigoda. Akakiweka mbele ya Hamduni, akapakua kunde kwenye bakuli, akasimama mikono kiunoni.

"Na wewe?" akamwuliza. "Unawauliza watu wote. Wewe habari zako?"

Hamduni akafungua mdomo kujibu kama anavyojibu Mshibani yeyote. Akalitazama bakuli, akamtazama mzee. Watumishi wa Taasisi walilipwa posho yao kwa Unga wa Tosha.

"Mbaya, mama," akasema, akakaa.